Mgonjwa wa Mchungaji

Nilijitolea kutafsiri. Nilikuwa nimestaafu ualimu hapa Bariadi, muda ninao, na Kisukuma changu ni cha nyumbani. Kwa hiyo kanisa lilipotangaza kwamba madaktari wageni wanakuja kupasua macho kwenye hospitali yetu ya upande wa Nkoma, nikainua mkono. Sikujua kwamba kazi kubwa ya wiki ile ingekuwa kutafsiri hotuba.

Wagonjwa walikaa kwenye mabenchi tangu alfajiri, wengine hawaoni hata kiganja chao, na sisi tulikuwa tunapokea wageni. Ng'ombe dume akachinjwa. Kwaya ikarudia pambio moja mpaka likachuja. Kila mwenye koti alishika maikrofoni, na kila aliyeishika alianza kwa kusema hana mengi. Wageni nao, ndani ya fulana zao zinazofanana, walicheza kwa bidii ya kutia huruma huku wakipigana picha. Daktari wao, mzee mrefu asiyependa maneno, alikuwa anaangalia saa yake, na siku ile nilimheshimu yeye peke yake.

Mwenyekiti wa shughuli nzima alikuwa mchungaji wa hospitali. Ni mtu wa kwetu, mtoto wa wakulima wa pamba kama mimi, ila wageni wakija hujifanya hajawahi kushika jembe. Hata Kisukuma kinampotea ghafla, inabidi nimtafsirie. Yeye alitaka ushuhuda. Macho ya watu yalikuwa kisingizio.

Siku ya mwisho alifika bibi mmoja kutoka Ipililo, ameletwa na mwanawe kwa pikipiki. Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Aliniambia alizoea kupika kwa kupapasa, mpaka siku alipoungua mkono na wake za wanawe wakamkataza kukaribia jiko. Tangu hapo alikuwa anakaa tu kusubiri kupewa. Alitaka kurudi jikoni kwake, basi.

Alikuwa ameshatiwa matone, amebaki yeye tu kwenye foleni, mchungaji alipoiona bangili ya shaba mkononi mwake. Alivishwa na mganga akiwa binti, kwa ajili ya mizimu ya ukoo, imlinde. Nesi akasema ataizungushia plasta yaishe. Mchungaji akakataa. Alisema, kwa sauti ya kuwafikia wageni, kwamba kitu cha giza hakiingii chumba cha upasuaji cha kanisa. Nikamtafsiria bibi. Akaipapasa bangili yake.

"Muulize," akaniambia, "akinivua yeye, atanitunza yeye?"

Mchungaji akajibu, "Mwambie ndiyo, kabisa."

Aliyekulia huku anajua alichokubali. Mganga akimvua mtu kinga yake, humweka nyumbani kwake, akamlisha na kumwangalia mpaka apone. Mchungaji alikuwa analijua hilo kama mimi, ila alikuwa amebanwa na kamera.

Bangili ilibana, ikabidi atafutwe fundi mwenye msumeno wa chuma. Wakati anatafutwa, bibi alitolewa nje kwenye mwanga mzuri wa picha. Akakemewa pepo. Akaimbiwa. Mkono wake ukainuliwa juu mara ya pili kwa sababu mara ya kwanza simu ya mtu ilikuwa imejaa. Huko ndani daktari alimaliza mgonjwa wake, akauliza kama kuna aliyebaki. Mratibu wao akachungulia, akaona benchi tupu, akasema wamekwisha. Walikuwa wanawahi Serengeti, na geti la upande wa Lamadi lisingewangoja. Bibi anarudishwa ndani, bangili imeshakatwa, vifaa vimeshafungwa kwenye masanduku na gari limeshatoka.

Nilikasirika. Mchungaji akasema Mungu ana wakati wake, kisha akampa bibi Biblia, mtu asiyeona.

Bibi hakulia. Aliuliza nyumba ya aliyemvua iko wapi, akapelekwa, akaketi barazani. Mwanawe akafunga jogoo mguuni mwa kiti, kama inavyofanywa kwa mganga, akaaga kwa adabu, akawasha pikipiki. Mchungaji alipompigia simu aje amchukue mama yake, kijana alijibu kwamba mama yuko kwenye matibabu, na wao hawawezi kumwingilia mtaalamu. Nilicheka, na sijutii.

Basi akakaa. Mke wa mchungaji alimpikia uji, akamwogesha, akamshika mkono kwenda chooni, bila kuuliza lolote. Majirani walipita kumjulia hali. "Mwadila, mayu," walimsalimu, kisha wakamuuliza mganga wake anaendeleaje naye. Hilo ndilo lililomchoma mchungaji. Sokoni walianza kumwita mganga wa macho, na wengine wakawa wanauliza anatumia mizizi gani. Mwisho akampakia bibi kwenye gari lake, akampeleka Mwanza, akapasuliwa kwa gharama zake.

Ungedhani amejifunza. Jumapili waliyorudi, kabla hata ya kufika nyumbani, alimsimamisha bibi mbele ya kanisa, akamtangaza kuwa tunda la misheni. Simu ilikuwa inarekodi ili wageni watumiwe. Akaniagiza nisimame nitafsiri shukrani zake kwao.

Bibi hakuwa na haraka. Aliangalia safu ya mbele ya wanawake, sura moja baada ya nyingine, kisha safu iliyofuata. Halafu akasema, nami nikatafsiri bila kuongeza wala kupunguza:

"Hao wageni sikuwaona, siwezi kuwashukuru. Ninamtafuta mwanamke aliyekuwa ananishika mkono. Mwambieni aongee kidogo, nimjue kwa sauti."

Kanisa likasubiri aongee. Mke wa mchungaji hakuwemo. Alikuwa jikoni nyuma ya kanisa, anapika chakula cha kamati.