Mlenda wa Buthaina

Miaka thelathini na moja mlenda wa Ijumaa nyumbani kwetu Tanta niliupika mimi, Inshirah. Kitunguu saumu na giligilani hukaangwa kwenye samli mpaka vinukie, kisha humiminwa sufuriani, na papo hapo mpishi huvuta pumzi kwa mshtuko, hhaa! kama aliyeona nyoka. Asiposhtuka, majani huzama chini, juu hubaki maji. Usiniulize kwa nini. Mume wangu Mitwali akinisikia nikishtuka huitikia kutoka ngazini, "Mikono yako isiumwe, Inshirah!"

Kisha mawe yakanishika, wakanitoa kifuko cha nyongo. Daktari akasema kwa sasa samli basi, vya kukaanga basi, nile kidogo kidogo mara nyingi, na mafuta yarudi taratibu kadiri tumbo litakavyokubali. Viazi vya kuchemsha nilivivumilia. Niliyeshindwa kumvumilia ni Buthaina, mke wa shemeji yangu, aliyeshuka kutoka ghorofa ya juu na aproni yake "kunisaidia".

Ijumaa ya kwanza nimelala sebuleni, nikasikia hhaa! jikoni kwangu. Na ngazini Mitwali, "Mikono yako isiumwe, Inshirah!"

Jina langu, mshtuko wa mwingine. Wivu ulinichoma kuliko mishono. Na mwanamume alipogundua kosa lake alicheka tu, akala sahani tatu.

Ijumaa ya pili, kabla hawajakaa kula, niliingia jikoni nikala vijiko vinne kutoka sufuria yake, nione ana nini huyu. Ulikuwa mtamu, nusura nilie. Robo saa haikupita, nikawa nakimbilia chooni, na Buthaina kasimama nje ya mlango.

"Mama Karam, umeonja, eeh? Daktari kakutoa nyongo, wivu kakuachia!"

Mitwali akaangua kicheko. Hicho kicheko sikukisamehe. Nilikula kiapo kwamba mume huyo ataniitikia mimi tena, kwa sufuria yangu mwenyewe.

Nikaanza na tone la mafuta ya zeituni kwenye viazi. Siku mbili, tumbo kimya. Nikaongeza. Wiki ya nne nikajisahau, nikakaanga yai, na choo nikakijua tena. Nikarudi nyuma, nikaanza upya. Ijumaa ya saba kijiko kidogo kizima cha mafuta kilikaa tumboni bila ugomvi, nami nikaingia jikoni na kisufuria changu, nikakibandika kando ya sufuria yake kubwa.

Buthaina akachungulia. "Kijiko kimoja? Hicho hata mlio hakitoi. Utashtukia nini, mwenzangu?"

"Nitakushtukia wewe."

Nikamimina. Kweli, hakukuwa na mlio wowote. Nikashtuka hhaa! kwa kifua kizima mpaka makovu yakanivuta.

Ngazini viatu vikasimama.

"Inshirah! Huyo ni wewe! Mikono yako isiumwe!"

Buthaina aligeuka kuutazama mlango, kikaango mkononi, mdomo kaufumba, na samli yake yote ikamwagikia sufuriani bila mshtuko. Tukatazama sote wawili. Majani yakaanza kuzama.

"Nyongo wameitoa kwangu, dada yangu," nikamwambia, "lakini mlenda uliotumbukia nyongo ni wako."