Nilichunga Ng'ombe kwa Kanzu ya Mume Wangu

Barua hii imetoka Ugogo. Jina la dada huyu na kijiji chake tumevificha kama alivyoomba. Msomeni kwa upole.

Ndugu katika Kristo, mimi ni mwanamke wa miaka yapata ishirini na tano. Mama alisema nilikuwa bado nabebwa mgongoni Wadachi walipojenga boma Kilimatinde. Nimebatizwa, najua kusoma na kuandika, na mume wangu ni mwalimu wa kanisa hapa kijijini. Kwa hiyo sina kisingizio cha ujinga.

Mwaka jana sotoka iliingia. Ng'ombe waliharisha, wakatoa machozi, wakaanguka. Mume wangu alikuwa amekwenda misheni kwa mafundisho ya majuma mawili. Kwetu ugonjwa wa mifugo ukizidi, wanawake huvaa nguo za waume zao, hushika fimbo na mikuki, huchunga wao, kisha huucheza ugonjwa kwa ngoma hadi mpakani mwa eneo letu na kuutupa huko. Wanaume hukaa ndani ya tembe wala hawaulizi. Na mwanamke mmoja akibaki nyumbani, kazi yote imeharibika.

Mama mkwe alikuja mlangoni. Nilimwambia mimi ni mtu wa Yesu. Akasema taratibu, "Mwanangu, ng'ombe hawa hawajabatizwa."

Nikatafuta nguo ya mume wangu, na iliyobaki ilikuwa moja tu, kanzu nyeupe anayofundishia Jumapili. Nikaivaa. Nilicheza na wenzangu mpaka mpakani, na njia nzima nilimwomba Yesu moyoni anisamehe. Sijui nilikuwa namchezea nani.

Ng'ombe wa majirani wengi walipona. Wetu walikwisha wote. Mwezi uliofuata mwanangu wa miaka mitatu, aliyezoea maziwa asubuhi na jioni, alishikwa na homa akafa. Wanawake walininong'oneza kwamba niliucheza ugonjwa nusunusu, ndiyo maana ukanirudia. Mimi nilijua ni Mungu.

Mume wangu hajui lolote. Yeye husema Mungu humrudi mtoto anayempenda, na Mkristo akipigwa asinung'unike, atafute kosa lake na kulitubu. Basi anatafuta. Anafunga karibu kila siku. Ametubu mbele ya watu kwamba aliwahi kumkasirikia mzee mmoja, kwamba alisinzia kwenye maombi, kwamba aliwapenda ng'ombe kupita kiasi. Amekonda mpaka watoto wa shule wanamwogopa. Juzi aliniita mama wa mtoto wetu kwa jina lake, bado ananiita hivyo ingawa mtoto hayupo, akaniuliza, "Wewe unayekaa nami, unaona kosa gani kwangu?"

Nikasema sioni. Ni kweli sioni, na sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko huo.

Nikimwambia, atajua mtoto alikufa kwa ajili yangu, na itambidi yeye mwenyewe asimame kanisani anitaje nitengwe. Nikinyamaza, kufunga kutammaliza. Nimetubu peke yangu mara nyingi na sisikii kitu. Naambiwa fimbo ya Mungu ni ya kufunza. Haya, mimi nimefunzwa. Yule aliyelala kaburini amefunzwa nini? Nina hasira na Mungu, na hasira hiyo nayo naiogopa.

Sasa ameamua Jumapili hii aache ualimu mbele ya kanisa zima, kwa kuwa hajaliona kosa lake na hathubutu kufundisha wengine. Leo asubuhi amenipa kanzu niifue, aivae mara ya mwisho. Kwenye pindo kuna doa la tope la kule mpakani. Nimelisugua mpaka vidole vimechubuka, halitoki.

Nishaurini, ndugu zangu, nifanye nini? Najua gazeti hili hutufikia baada ya mwezi, na Jumapili ni keshokutwa. Nauliza hivyo hivyo, kwa kuwa sina mwingine wa kumuuliza.