Mdomo wa Mashine ya Majani

Asubuhi ile niliondoka Sombetini bila kujua naenda wapi. Chumba kilikuwa kimenichosha. Mimi nikikaa mahali pamoja muda mrefu naanza kuwashwa miguu. Nilifunga kompyuta yangu kuukuu ndani ya shuka, nikaitia kwenye begi, nikashika barabara ya Ngaramtoni.

Pikapu iliyojaa mabua ya mahindi ikasimama. Mama aliyekuwa akiendesha aliuliza ninakokwenda.

"Popote uendako, mama."

"Mimi naenda kugombana na fundi. Panda."

Ugomvi wenyewe ulihusu mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, iliyokuwa nyuma ya pikapu chini ya mabua. Mdomo wake ulikuwa wa pembe nne, mpana, na tundu la chini la duara. Fundi alikuwa ameviunganisha kwa vipande vya bati vyenye kona. Mabua yalikwama kwenye zile kona, na mama akawa anayasukuma kwa mkono huku visu vinazunguka.

"Siku vidole vyangu vikienda, utanilipa ng'ombe!" alimwambia fundi tulipofika karakana yake, kabla hata ya salamu.

"Shikamoo, mzee," nikasema. "Kona hizo zinaweza kuondoka."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Mpita njia tu. Hata pa kulala leo sipajui."

"Mpita njia na kona zangu, wapi na wapi?"

Nilifungua kompyuta. Shule niliiacha kidato cha pili, lakini kuchora nilijifunza mwenyewe kwa kutazama video, kisa nilitaka kujua chupa ya sabuni inachorwaje. Kuna amri inaitwa lofti: unachora umbo la juu, unachora la chini, na programu inavuta ngozi laini kutoka moja hadi jingine.

Fundi alitazama, akakuna kidevu. "Haya. Nyuma kuna chumba, mpangaji amehama. Mdomo ukikubali, lala humo. Ukiniharibia bati, utalala na mbuzi wa huyu mama."

"Mbuzi wangu hawapendi wageni," mama akadakia.

Fundi alinitajia vipimo, nikachora. Umbo likatokea limejisokota kama nguo inayokamuliwa.

"Hapo bua litapata kizunguzungu," alisema fundi, na mama akacheka hadi akaegemea pikapu.

Nilifuta, nikarudia. Likajisokota vilevile. Nikamwomba apime tena, mimi nikimwangalia, na hapo nikaona. Mdomo aliupima akianzia pale anaposimama mtu wa kulisha mashine. Tundu alilipima akianzia upande wa mkanda, kwa kuwa ndiko anakoanza kufunga bolti. Alipoanzia yeye ndipo nilipoanzia mimi, na programu huunganisha mwanzo na mwanzo. Mianzo yake miwili ilikuwa imepishana robo mzunguko.

Nikaivuta nukta ya mwanzo ya duara, nikaileta upande wa mlishaji. Umbo likanyooka mbele ya macho yetu, pembe zikififia kidogo kidogo mpaka zikawa duara, laini kama shingo ya kibuyu.

Fundi aliinamia kompyuta. "Hebu lizungushe tena nilione."

Programu ikalikunjua umbo lile kuwa bapa. Tukalichapisha stesheneri ya jirani, tukaunganisha karatasi kwa gundi, tukalifuatisha juu ya bati. Fundi alikata, akalipinda juu ya bomba nene, akachomea. Kazi ya mkono wake ilikuwa safi kuliko mchoro wangu.

Tulipoufunga mdomo mpya na kuiwasha mashine, mama alitupa ndani mzigo wa kwanza wa mabua. Ukateremka wenyewe. Akatupa wa pili, mikono akaifunga nyuma kama askari wa gwaride.

"Sijausukuma!" alipiga kelele. "Mmeniona? Sijausukuma!"

Nimefanya vibarua vingi, na vingi nimevisahau. Mdomo huu nautembelea kila nipitapo upande ule, nausikiliza unavyomeza.

Fundi alipambana na kufuli la chumba cha nyuma mpaka likafunguka. Ndani kulikuwa na kitanda, kiti kimoja na harufu ya rangi.

"Choo kiko kule. Maji, ongea na jirani," alisema. "Na kesho usije ukatoroka. Kuna mtu wa Terrat anataka mashine."

Nikalitua begi kitandani.