Siku Figa la Bibi Lilipopanda Landrova

Tik. Tik. Tik-tik-tik. Halafu moto wa buluu unashika. Binti yangu aliponinunulia jiko la gesi alidhani naliogopa, maana kila nikizungusha kile kitufe na kusikia ule mlio, nasimama kidogo, kisha nacheka peke yangu. Siogopi gesi mie. Nasikia kisanduku cha Ndugu Elias. Kaeni niwasimulie, chai yenyewe haijachemka.

Nilikuwa darasa la tatu, nakaa na bibi mzaa baba katika kijiji chetu ng'ambo ya mto, upande wa Lupiro. Ilikuwa ile miaka ya sabini, wakati kila mwenye cheo aliitwa ndugu na kila kazi iliitwa ujenzi wa taifa. Mpunga ulikuwa ndiyo kwanza unainamisha masuke, na harufu yake asubuhi ilikuwa tamu mpaka unatamani kuilamba. Basi siku moja ikaja Landrova ya serikali, ikaegeshwa kiwanja cha shule, wakashuka wataalamu wa utafiti kutoka Dar es Salaam. Mkubwa wao ndiye huyo Ndugu Elias, kijana mrefu mwenye miwani na soksi zilizovutwa hadi magotini.

Mwalimu alitupanga mstari tumsikilize. Ndugu Elias akatueleza kwamba serikali inatafuta mawe yenye nguvu ndani yake, nguvu za nyuklia, na kwamba yakipatikana ya kutosha yanaweza kuwasha taa kuanzia Malinyi mpaka Ifakara. Kisha akainua kisanduku cha bati chenye mkanda wa ngozi. Hiki, akasema, kinayasikia mawe hayo. Kikilisogelea jiwe lenyewe, kinalia tik-tik-tik bila kupumzika.

Jamani! Mnajua nilivyohisi? Taa za umeme nilikuwa nimeziona mara moja tu, tulipompeleka bibi hospitali Ifakara kwa ajili ya macho yake. Nilikaa chini ya ile taa nikawa naangalia mikono yangu, mbele na nyuma, kama vile nimekabidhiwa mikono mipya. Kwetu tulikuwa na kibatari, na ukisoma nacho unaamka na masizi puani. Tangu siku ile ya mstarini sikutamani kitu kingine chochote. Nilitaka kile kisanduku kilie kijijini kwetu, si Lupiro, si Malinyi, kwetu.

Shida ni kwamba bonde letu ni tope. Chimba utakapo, utapata tope jeusi, na chini yake tope lingine. Akina Ndugu Elias walizunguka majarubani na kingo za mto, kisanduku kikawa kinatoa tik moja, kinanyamaza, kinatoa nyingine kivivu. Watu wakaanza kuwatania kwamba wanatafuta mawe kwenye makazi ya kambale. Mimi nilikuwa nikitoka shule nawafuata nyuma, roho juu, naomba Mungu kila hatua.

Sasa bibi yangu. Bibi alikuwa mwembamba, mkali, na hakuvumilia kuona mgeni anakula chakula cha kopo. Kwa hiyo wataalamu wale walikula kwetu, wali na samaki wa kukaushwa, kila mchana. Na jiko lake lilikuwa fahari ya kijiji. Wenzake wote walipikia madonge ya udongo wa kichuguu, lakini bibi alikuwa na mafiga matatu ya jiwe halisi. Babu, ambaye mimi sikumkuta, aliyabeba kichwani kutoka milimani, huko Kisawasawa, alipokuwa anamwoa. Na kwetu figa la mwanamke halichezewi. Likishachimbiwa, linang'olewa siku moja tu, siku mwenyewe anapozikwa, na linakwenda kutupwa mtoni. Kumng'olea mtu figa lake angali hai ni kumwita kaburini, na bibi aliliamini hilo kama anavyoamini kwamba mto unateremka.

Mchana mmoja Ndugu Elias akaingia jikoni, akaamkia shikamoo, akainama kuukwepa mtambaapanya, akaweka kisanduku chini karibu na moto. Alisahau kukizima. Tik. Tik-tik. Tik-tik-tik-tik-tik!

Mwiko ulimtoka bibi. Mimi nilipiga yowe lililowaleta majirani wote. Ndugu Elias alipiga magoti kwenye majivu, miwani ikaingia ukungu wa mvuke, akawa anasogeza kisanduku figa kwa figa. Mawili yalilia kidogo. La tatu, lile lililoelekea mlangoni, likalia kuliko yote. Watu wakashangilia, mwenyekiti wa kijiji akaanza kuhutubia hapo hapo, na mimi nikawa naruka mguu mmoja hadi mwingine nikiimba kwamba umeme unakuja.

Kisha Ndugu Elias akasema kwa heshima kwamba angehitaji kwenda nalo Dar es Salaam, likapimwe kwenye mashine kubwa. Alijaribu kulimega kipande kwa nyundo, lakini lile jiwe lilikuwa limeungua miaka na miaka, likatoa unga tu. Lilitakiwa zima. Furaha yote ikakatika. Wanawake wakatazamana. Mwenyekiti akasema taifa linamwomba bibi, bibi akamjibu kwamba taifa lije lenyewe liombe. Ndugu Elias, Mungu amlinde popote alipo, akasema hatachukua kitu kwa nguvu, akaketi kula wali wake. Kesho yake walikuwa wanaondoka.

Jioni ile tulikula mimi na bibi peke yetu. Nililia kidogo, nikabembeleza sana. Nilimweleza kwamba Ndugu Elias amesema taa zingefika hata kwetu. Bibi alikuwa anachokonoa miiba ya samaki kwa kugusa, maana macho yake yalikuwa yameshakwenda na moshi.

"Huo umeme ukija," akaniuliza, "utasoma?"

"Nitasoma mpaka niote mvi," nikajibu, mdomo umejaa wali.

"Haya. Kesho walichukue."

Niliamka na jua, na furaha yangu haikuwa na mahali pa kukaa. Bibi alikuwa ameshaoga, amejipaka mafuta, amevaa doti ya kanga mpya kutoka chini kabisa ya sanduku. Nikaona ni sawa, serikali inakuja. Alikuwa anazungumza nami huku nafagia: mbegu ya mpunga iko kwenye kilindo cha nyuma, kile cha gome la mti, bata wenye madoa ni wa shangazi yako, chungu kikubwa usimpe mtu ovyo. Niliitika ndiyo bibi, ndiyo bibi, masikio yote yako barabarani nasikilizia Landrova.

Alilichimbua figa mwenyewe. Hakutaka mtu amsaidie. Akaliviringishia kanga kuukuu na kumkabidhi Ndugu Elias, naye akalipokea kwa mikono miwili, akaliweka kiti cha mbele. Tulikimbia nyuma ya Landrova mpaka vumbi likatushinda.

Na hapo ndipo kituko kilipoanzia. Barabara ya kwenda Dar kutoka kwetu lazima upite kwenye kivuko. Wanawake waliokuwa wanangoja kuvuka waliona Landrova inateremka mtoni na figa limelala mbele, lina masizi yake, kanga imefunuka. Wakauliza la nani. Dereva, mtu wa pwani asiyejua chochote, akataja jina la bibi. Wakauangalia mto, wakaliangalia figa. Unadhani walielewa nini?

Kabla jua halijafika utosini, tulisikia kilio kinakuja barabarani. Baiskeli kwa baiskeli kutoka Lupiro, wanawake wamejifunga kanga viunoni, wanaume wamebeba mchele, kuni na kuku. Mbele yao shangazi yangu, binti wa bibi, anajitupa chini kila hatua chache, akimwita mama yake aliyemwacha bila kuaga. Bibi alikuwa amekaa nyuma ya nyumba tangu Landrova iondoke. Akasimama, akazunguka ukuta taratibu na ile doti yake mpya, akajitokeza uani.

Shangazi alikuwa chini, kichwa mavumbini. Aliponyanyua macho, sauti ilimkatikia katikati.

"Kuku mmewaleta," bibi akasema. "Wachinjeni. Ila kilio mmewahi mno."

Mzee mmoja akaanza kucheka, na kicheko kikasambaa ua mzima. Shangazi alimgombeza mama yake, akamkumbatia, akamgombeza tena. Waliinjika vyungu kwenye mafiga mawili na donge la kichuguu, maana figa moja haliinjiki chungu, na tukala msiba wa mtu aliye hai mpaka matumbo yakauma. Sijawahi kufurahi vile. Bibi alikula kuliko wote. Nakumbuka tu kwamba katikati ya kelele zile alikuwa anajishika mkono wake mwenyewe, anaubonyeza, anauachia.

Majibu yalikuja baada ya kipupwe, kwa mdomo wa bwana shamba aliyekuwa akipita kutoka Ifakara. Ndugu Elias anawasalimu sana. Jiwe ni la kawaida. Figa lenyewe halikurudi. Nilipofika sekondari mwalimu wa fizikia alitufundisha kwamba mawe mengi ya milimani yana zile nguvu kidogo, na kisanduku kile kingelia kwa jiwe lolote la Kisawasawa. Sisi tulishangaa kwa sababu tulizoea tope. Nilicheka darasani peke yangu mpaka nikatolewa nje. Nilikuwa nimefika huko kwa kibatari na masizi yake. Umeme ulipokuja kijijini, mvi zilikuwa zimeshaanza kuniota, na mwenyewe nilikuwa mwalimu.

Bibi aliishi miaka mingi baada ya figa lake kuondoka. Alipofariki kweli, shangazi alinituma nifungue sanduku, nitoe nguo yake ya kuzikiwa. Akanielekeza: chini kabisa, doti moja, bibi yako aliitenga tangu ujana wake. Niliivuta nje nikaitambua. Ilikuwa ileile. Ilikuwa imevaliwa siku moja tu, asubuhi moja, na mimi nilikuwa pale na ufagio mkononi.

Nilikaa sakafuni na ile kanga mapajani. Mbegu iko kilindo cha nyuma. Bata wenye madoa ni wa shangazi. Alikuwa ananiaga. Alioga, akavaa, akachimbua figa kwa mikono yake, akaenda kukaa nyuma ya nyumba kungoja. Na kabla ya kukubali alitaka kujua kitu kimoja tu, kama nitasoma, nami nikamjibu harakaharaka, mdomo umejaa wali.