Shuka Jeupe la Rasbura

Harufu ya sabuni ya mche kwenye kitambaa kilichokauka juani hunirudisha Rasbura, pale Lindi, msimu ule wa korosho ambao mabibo yaliyoiva yalinukia hadi barazani kwetu. Nilikuwa na miaka kumi. Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa akipoteza macho. Jicho moja lilikwishazima na la pili lilikuwa linafuata. Mjomba aliyeishi Dar es Salaam akamtafutia hospitali, akamkatia tiketi ya ndege kutoka Mtwara, na mimi nikawa wa kumshika mkono. Habari za upasuaji Bibi hakuziuliza. Alitaka jambo moja tu: aione nyumba yake kutoka juu, walau mara moja, wakati bado anaona.

Mama akafua shuka letu jeupe la wageni. Akasema siku ya safari atalitandaza uwanjani, alibane kwa mawe kila pembe, na asimame kando yake mpaka ndege ipite. "Ukiona cheupe, Mama, ujue ni sisi," alimwambia Bibi, naye akacheka kama msichana aliyeahidiwa gauni la Idi.

Kwenye uwanja wa ndege, dada wa kaunta alituuliza tungependa kukaa upande gani. "Kulia, mwanangu," Bibi akajibu upesi. "Kulia ndiko kwenye kheri." Sikushangaa. Kwetu mguu wa kulia ndio uliotangulia mlangoni, mkono wa kulia ndio uliokula, uliotoa na uliopokea. Lakini mimi nilikuwa nimeitazama ramani ya darasani mpaka nikaikariri. Ukitoka Mtwara kwenda Dar, kulia ni bahari. Lindi na Kilwa ziko kushoto. Nilijua, nikanyamaza. Nilijiambia kwamba mtoto hamsahihishi mkubwa mbele ya watu, ingawa kusema kweli niliogopa kukemewa tu.

Ndege ilipopaa, Bibi alibandika paji la uso kwenye kioo cha dirisha. Maji. Maji tena. Upande wa pili bwana mmoja mwenye tai alikuwa amelala fofofo, na dirisha lake lote likiwa limejaa Lindi. Nilinyoosha shingo mpaka ikauma, nikaambulia kipande cha ghuba na mabati yanayometameta.

"Mbona bahari tupu, Somoe?" Bibi akauliza.

Nikamweleza, machozi yakinitoka. Akaupapasa mkono wangu. "Ungeniambia, mjukuu wangu. Ningekaa kushoto, na Mungu asingenikasirikia." Maneno hayo yaliniuma kuliko kofi.

Upasuaji haukusaidia. Tulirudi kwa basi, kwa kuwa Bibi alisema hana tena cha kuchungulia dirishani. Mama alitupokea mlangoni, na hata mizigo hatujaitua akauliza kama tuliliona shuka.

"Tumeliona," Bibi akasema kabla sijafungua mdomo. "Jeupe pee! Na wewe nimekuona, umesimama pembeni na kanga yako." Mama, aliyekuwa amesimama juani tangu asubuhi siku ile ya ndege, alilia kwa furaha.

Siku hizi kiti nakichagua kwenye simu, nikiwa nimejilaza kitandani. Wenzangu kazini huniuliza, nami huwaambia kwa kujidai kidogo: ukienda Dar kaa kushoto, mbali na bawa, ukirudi Mtwara kaa kulia. Kheri ya Bibi ilikuwa ya safari ya kurudi. Nimeshaiona ghuba ya Lindi, nimeviona visiwa vya Kilwa na mikoko yake. Shuka sijaliona hata siku moja. Kutoka juu kule Rasbura nzima inatosha kufunikwa kwa kiganja, na Bibi asingeliona hata angekaa kushoto. Nilipolijua hilo nilipata nafuu, lakini si nafuu yote.

Mama naye sasa ni mzee, na kila nikisafiri hutandaza shuka lilelile, limechakaa, lina viraka. Nikishatua hunipigia simu.

"Umeliona?"

"Nimeliona, Mama. Jeupe pee."