Picha ya Kumi

Wataalamu wetu wa nje ni hodari wa kukwepa. Nimekuwa karani wa idara ya uhandisi miaka kumi na minne, nawajua mmoja mmoja. Binti mmoja wa mwaka wa mwisho aliandika kazi yake kuhusu injini za ndege, na kanuni inadai isomwe na mtaalamu wa nje mwenye leseni kabla ya saa kumi jioni ya Ijumaa, la sivyo anarudia mwaka. Mtaalamu wa kwanza akasafiri. Wa pili akakumbuka kuwa yeye ni wa madaraja, wiki mbili baada ya kukubali! Wa tatu hakupokea simu. Ijumaa asubuhi binti aliketi mbele ya meza yangu, macho makavu. Nikampigia kaka yangu.

Kaka ni mkaguzi wa injini uwanja wa ndege. Wenzake humwita Tochi, maana maisha yake yote amechungulia mashimo. Ndiye aliyenisomesha wazazi wetu walipofariki. Miaka ishirini na sita hajapata hata barua moja ya onyo. Muhuri wake wa ukaguzi hautoki mfukoni, na wifi yangu husema huo ndio mke mkubwa, yeye kaolewa wa pili.

Alifika saa nne, siku yake ya mapumziko, akavaa miwani akaanza kusoma kwenye benchi la ofisini kwangu. Kazi yenyewe hata mimi niliielewa. Wakaguzi huingiza kamera nyembamba ndani ya injini, wakapima mapengo kwenye mapanga yanayozunguka. Kamera ikikaa mshazari, pengo huonekana fupi kuliko lilivyo. Binti alipewa picha kumi za ukaguzi zilizofutwa namba za ndege, akazipima upya. Tisa hazikuwa na neno. Ya kumi, mkaguzi aliandika milimita mbili na nusu. Yeye alipata zaidi ya tatu na nusu, na mwisho unaoruhusiwa ni tatu.

Kaka alikuwa akisoma huku anaitikia kwa kichwa. Alipofika picha ya kumi akaacha. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hii picha niliipiga mimi," akasema. "Mshale wa njano ni wangu, wenzangu wanaweka mwekundu."

Nikacheka, nikidhani anatania. Yeye alikuwa anatazama saa ya ukutani.

"Hiyo ndege inaruka saa saba. Imejaa."

Hapa nitasema ukweli, ingawa si wa kujivunia. Nilimvuta mpaka koridoni nikamwambia, "Kaka, andika kazi haijafika kiwango, basi. Nani atajua? Umebakiza miaka miwili ustaafu."

"Mwanao ungempandisha?"

Nikamwachia mkono.

"La kuvunda halina ubani, mdogo wangu," akasema, akarudi ndani.

Alipiga simu uwanjani mbele yetu, akataka ndege izuiwe na injini ipimwe upya. Mtu wa upande wa pili alifoka mpaka tukamsikia. "Nani aliikagua?"

"Mimi."

"Na nani kakwambia umekosea?"

Kaka akamtazama binti. "Mhandisi mmoja."

Binti akasimama. "Mzee, naweza kuitoa hiyo picha. Tisa zinatosha."

"Uitoe?" Kaka hafoki, lakini alifoka. "Ukiitoa hii, hizo tisa zina kazi gani? Kaa chini!"

Lakini kusaini pia alikataa. Asingesema hesabu ni sahihi mpaka injini ipimwe upya. Basi tukasubiri. Kama binti amekosea, ndege itaruka, kaka atabaki na jina lake, na binti atarudia mwaka. Kama amepatia, atafaulu, na kaka atapokonywa leseni. Njia ya katikati haikuwepo. Walikaa benchi moja, simu katikati yao. Ikapita saa saba, ikapita saa nane. Nilimimina chai, hakuna aliyeigusa. Nilimpa yule mtoto wa watu biskuti, nikampa na pole, na kimoyomoyo nikamwomba Mungu binti awe amekosea. Niliomba hivyo zaidi ya mara moja.

Saa tisa na dakika arobaini simu ikalia. Kaka alisikiliza tu.

"Tatu nukta sita," akarudia. "Asante. Nakuja."

Akavuta fomu, akaandika bila haraka: *Vipimo vya mwandishi ni sahihi. Vya mkaguzi havikuwa sahihi. Kazi ipite.* Binti alikuwa analia, na mimi pia. Ikabaki nafasi moja chini, ya namba ya leseni ya msomaji. Hapo kalamu ikasimama.

"Mdogo wangu," akauliza, "bado naruhusiwa kuiandika?"

"Leo bado ni yako, kaka," nikamwambia. "Andika."