Tochi Isimame Mteremkoni

Ipo asubuhi moja ya kiangazi ambayo mpaka leo nikiikumbuka natazama chini, mwanangu. Nakuita mwanangu na najua utacheka, maana sijafika hata miaka thelathini, na bado wapo wazee wanaonituma maji ya kunywa. Neno hilo nimelifikiria siku mbili kabla ya kuliandika. Lakini aliyenionya aliniita hivyo, na onyo lake sijui namna nyingine ya kulifikisha kwako. Basi nivumilie.

Nilikuwa nimemaliza chuo na kurudi nyumbani Kasulu, cheti kikiwa kwenye bahasha ya kaki. Nikapata kazi katika shirika dogo lililopewa ruzuku ya kuwasaidia askari wa usalama barabarani katika wilaya mbili, Kasulu na Kibondo. Wafadhili walitoa tochi za kupimia mwendo wa magari, vipima ulevi, makoti yanayong'aa na mafuta ya pikipiki. Kazi yangu ilikuwa kuandika mpango: askari wasimame wapi, siku zipi, saa ngapi. Mkuu wao akishasaini, mimi nafuatilia na kuripoti kila baada ya miezi mitatu. Usidhani nilikuwa na mamlaka ya kumwamuru askari. Sikuwa nayo. Ila mpango ukishasainiwa, tochi ya mradi haisimami mahali ambapo hapakuandikwa.

Niliuandika mpango ule kwa uangalifu wa mtu mwenye hofu. Nilikwenda kukagua barabara katikati ya masika, nimevaa mabuti, daftari nimelifunga kwenye mfuko wa plastiki. Penye vurugu nikapaona ni sheli, kituo cha mafuta pale unapoingia Kibondo ukitokea Kasulu. Malori yamesimama kukwepa tope la pembeni, bodaboda zinapishana katikati, watu wamejikusanya chini ya paa wakingoja mvua ipite. Nikaandika: sheli. Kisha nikaweka lengo kwamba kila zamu isimamishe magari arobaini. Hiyo arobaini niliitoa wapi? Nilikaa nayo mezani. Ishirini ikaonekana ya uvivu, sitini ikaonekana ya uongo. Nakuambia ukweli, hakukuwa na hesabu nyingine zaidi ya hiyo.

Kiangazi kikaingia, kazi ikaanza. Asubuhi hiyo ninayokusimulia nilikuwa kwenye gari la ofisi nikienda Kibondo kuitazama zamu. Kabla hatujafika sheli, kwenye mteremko wa shule ya msingi, nikamwona Stafu Sajini Ntahuga amesimama peke yake na tochi yetu. Ni Mha wa huko huko Kibondo, mvi zimemjaa chini ya kofia, amebakiza muda mfupi astaafu. Nikamwambia dereva asimame.

Mzee akapiga makofi mepesi, kama tunavyosalimiana kwetu. "Mwakeye, mratibu."

Sikuipokea salamu. Hilo nalo ni kosa, lihesabu.

"Afande, mbona uko huku? Mpango unasema sheli."

"Sheli magari yanajipunguza yenyewe, mwanangu. Wote wanajua nipo pale. Wanaanza kuwashiana taa toka huku juu."

"Leo umesimamisha mangapi?"

"Sita."

"Sita! Lengo ni arobaini, afande."

Akacheka kidogo, si kwa dharau. "Hao sita nimewaandikia faini. Waliobaki wameniona, wakakanyaga breki. Hao wanaingia mstari upi kwenye fomu yako?"

Fomu yangu haikuwa na mstari huo. Ningeweza kunyamaza nikafikiri, kazi ambayo kwa kawaida naipenda kupita kiasi. Lakini pembeni yetu walikuwepo wanawake wanaanika muhogo, nao walikuwa wanasikiliza, na mimi nilikuwa mgeni kazini ninayeogopa kuonekana mtoto. Kuanzia juu ya mteremko mpaka chini, ukingo mzima wa lami ulikuwa mweupe kwa muhogo uliolowekwa na kumenywa. Lami inashika joto, na muhogo unakauka upesi kuliko kwenye mkeka. Kila kaya ilikuwa na kipande chake, kimewekewa mawe kama mipaka ya shamba.

Mmoja wao, Mama Yoeli, akasema kwa sauti ili nisikie, "Mwenye viatu vizuri, mwachie mzee wetu hapo! Akiwepo tunavuka kama mabibi harusi."

Wenzake wakaangua kicheko. Nikaona wananicheka mimi.

"Afande," nikasema, "chombo hiki ni cha mradi, si cha kijiji. Usipofuata mpango nitaandika."

Kicheko kikakatika. Mzee akaizima tochi taratibu, akaiweka kwenye mkoba wake. Alikuwa na umri sawa na wa babu yangu mdogo, nami nilikuwa nimemkaripia mbele ya wanawake wa kwao. Angeweza kunijibu kwa ukali na nisingekuwa na pa kujificha.

"Karatasi imesainiwa na mkuu wangu, kwa hiyo nitakwenda," akasema. "Ila shika neno moja, mwanangu. Ulikuja kukagua barabara mvua ikinyesha. Mvua ikinyesha, nani anaanika muhogo?"

Akawasha pikipiki akaenda sheli. Mimi nikaingia kwenye gari. Njia nzima nilitunga majibu, na hakuna hata moja lililosimama. Ukingo ukijaa muhogo, mtu wa miguu anapita wapi? Baiskeli yenye mikungu ya ndizi inapita wapi? Zote zinaingia katikati ya lami. Nilijua hivyo kabla hatujafika mjini. Nilijua, na sikurudi, kwa sababu niliona haya kurudi. Nikajiambia nitalitafakari mwisho wa wiki.

Mwisho wa wiki haukufika. Siku ya nne Noah iliyojaza abiria ilishuka mteremko ule kwa kasi, dereva akiwa na uhakika kwamba tochi iko mbele, sheli. Mama Yoeli alikuwa anauzunguka muhogo wake na beseni kichwani. Ilimgonga akarushwa upande wa shule, mguu ukavunjika chini ya goti.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema ni guu la nani. Mimi ndiye niliyeziba masikio, likavunjika la mwenzangu.

Nilikwenda kumwona hospitali ya Kibondo na mfuko wa machungwa. Njiani nilitunga namna saba za kuomba radhi. Nilipofika kitandani zote zikanitoka. Mguu ulikuwa umefungwa plasta.

"Si wewe uliyetuhamishia afande?"

"Ndiyo, mama. Ni mimi."

"Ego, sawa. Basi mrudishe. Machungwa nashukuru, lakini hayatamvusha Yoeli barabara."

"Nisamehe, mama."

"Mrudishe kwanza."

Mwanangu, nimesoma vitabu vingi vya usimamizi wa miradi. Hakuna hata kimoja kilichonipa agizo fupi kama lile.

Nikarudi Kasulu, nikaingia kwa bosi wangu bila kugonga, jambo ambalo sijawahi kulifanya tena. Nikamweleza kwamba nilikosea mahali, nilikosea lengo, na mpango ubadilishwe wiki ile ile. Yeye si mtu mbaya, usije ukamchukia. Ni mtu aliyekwishaona ruzuku zikikatika na wafanyakazi wakirudi makwao, naye alikuwa ameanza kuogopa kila kitu chenye neno "badiliko".

"Wageni wa wafadhili wanakuja wiki ijayo," akasema. "Wamesoma mpango. Wanataka kuona sheli, wanataka kuona arobaini. Tuwaonyeshe walichokisoma. Mabadiliko tutayaomba robo ijayo."

"Robo ijayo mvua zitakuwa zimerudi, bosi, na muhogo utakuwa ndani. Tutarekebisha barabara isiyo na mtu."

"Usiwe na maneno mengi, dada. Mpango huo umeuandika wewe mwenyewe."

"Ndiyo maana najua ulivyo mbaya."

Akainua kalamu, akaishusha. "Ukiwapeleka kwingine," akasema polepole, "sitakutetea."

Nilikaa na sentensi hiyo usiku kucha, sikufichi. Nilifikiria kodi ya chumba, nikamfikiria mama yangu aliyekwishawaambia majirani wote kwamba mwanawe ana kazi. Nikafikiria kwamba labda nakosea tena, kwamba labda kiburi kimebadilisha tu nguo. Mtu wa aina yangu anaweza kufikiri mpaka jambo likaoza mkononi. Kulipokucha nikaona jambo moja tu halibadiliki, nikiligeuza vyovyote: mteremko upo, watoto wanavuka, na tochi iko mahali ambapo haihitajiki.

Nikaandika ukurasa mmoja. Nilisema mahali palichaguliwa wakati wa masika, nikasema kosa ni langu, nikaomba zamu ihamie mteremkoni kiangazi chote, na lengo la arobaini liondolewe. Nikaweka jina langu na saini yangu. Nikampelekea mkuu wa usalama barabarani wa wilaya kule Kibondo. Akausoma amesimama.

"Nilikuwa nangoja nione nani ataandika," akasema, na akasaini juu ya meza ya mapokezi.

Siku ya wageni nilikaa kiti cha nyuma. Tulipofika juu ya mteremko nikamwambia dereva asimame. Bosi akageuka kutoka kiti cha mbele.

"Sheli bado."

"Tunashuka hapa."

Mgeni mkuu, mama mmoja mtulivu mwenye daftari dogo, akauliza kwa Kiswahili chake safi, "Hapa hapapo kwenye mpango niliousoma?"

"Hapapo, mama. Mpango ule niliuandika mimi, na nilikosea. Naomba ukae nasi saa moja, kisha uniulize chochote."

Stafu Sajini Ntahuga alikuwa pale chini na koti lake linang'aa. Basi la kutoka Kasulu likatokea juu, dereva akaliona koti, breki zikalia, likapita kwa mwendo wa mtu anayesindikiza mgonjwa. Konda akachungulia dirishani akapiga kelele, "Afande, umetuhama sheli bila kuaga!" Mzee akampungia mkono. Wanawake wakacheka, watoto wakavuka. Likaja lori, likafanya vile vile.

Saa moja ikapita. Walioandikiwa walikuwa watatu tu.

"Watatu," mgeni akasema, kalamu imetulia. "Mradi wenu ulisema arobaini."

"Leo hapa hakuna aliyegongwa, mama. Fomu yangu haina mstari wa kuliandika hilo. Naomba tuuongeze."

Bosi alikuwa ameangalia milima. Mgeni hakunisifu, wala sikutegemea. Alishuka mpaka kwenye muhogo, akamuuliza mzee maswali mengi kwa sauti ya chini, akaandika kurasa mbili.

Usingoje nikuambie kwamba nilipandishwa cheo. Nilipewa barua ya onyo kwa kuvuruga ziara, na mkataba ulipokwisha haukuongezwa. Mpango mpya ulipitishwa, mteremko ukiwemo, na jina lililokuwa chini yake ni la bosi wangu. Na liwe. Madereva wanaokanyaga breki pale hawaulizi nani aliandika. Barua ya onyo ninayo, sikuichana. Kila ninapoomba kazi na wakauliza kwa nini niliondoka, nawaeleza kama nilivyokueleza wewe. Wengine hawanipigii simu tena. Kuogopa bado naogopa, lakini sirudi nyuma.

Nilimwomba mzee Ntahuga radhi pale pale barabarani, mbele ya wanawake wale wale, kwa kuwa nilimkosea mbele yao. Akasema, "Yamekwisha, mwanangu," kisha akanielekeza nimpishe lori. Mama Yoeli anatembea kwa fimbo mpaka leo. Hilo halijakwisha, na sitakuambia limekwisha.

Sasa nikupe niliyokuja kukupa. Ukikabidhiwa kazi ya kuwalinda watu kwa fedha za wengine, nenda ukapatazame mahali katika kila majira kabla hujaandika neno. Muulize askari anayesimama juani, kisha muulize anayevuka, maana kuuliza si ujinga. Usiweke namba kwa sababu tu inapendeza karatasini, kwa kuwa watu wazima watageuka watumwa wake. Mzee akikuonya, hata kama ana cheo kidogo kuliko chako, nyamaza na umsikilize mpaka mwisho. Ukikosea, usingoje robo ijayo. Likiri kosa lako kwa jina lako, na ulikiri mahali pale pale ulipolifanya. Na wakikuambia nyamaza ili kazi isiharibike, waulize kazi gani, ya nani. Kisha simama. Utatetemeka, nami nilitetemeka. Miguu inayotetemeka nayo inasimama.

Mwenyezi Mungu akupe kazi usiyoionea haya. Akupe ulimi usiopinda mbele ya mwenye cheo na usiomkaripia mnyonge. Akukutanishe na wazee watakaokuambia ukweli mapema, na akufungue masikio siku hiyo hiyo. Nenda salama, mwanangu, na ufike.